Wajane wawili wa Shinyanga, na hasara isiyoonekana kwenye hesabu za taifa

Kuna kesi moja ya Tanzania ambayo mi naona kila anayesoma uchumi angeisoma kabla hajafika kwenye majedwali ya pato la taifa, ila wanaoijua vizuri wengi wao ni wanasheria. Kwenye makaratasi ya Umoja wa Mataifa inaitwa E.S. na S.C. dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, shauri namba 48 la mwaka 2013. Majina yao yalifichwa zikabaki herufi tu. Ni wanawake wawili wa Shinyanga, wote mafundi cherehani, wote walifiwa na waume wakiwa bado vijana kabisa, mmoja 1999 na mwingine 2000, na wote walikuwa na watoto wadogo.

Kilichowapata baada ya msiba ni kitu ambacho mtu wa kanda ya ziwa hahitaji kuelezewa sana. Hawakuruhusiwa kurithi na hawakuruhusiwa hata kusimamia mirathi ya waume zao, mali ikaenda upande wa mume kwa kufuata mila ya Kisukuma, na ndugu wa mume wakawatoa kwenye nyumba walizokuwa wanaishi, wao pamoja na watoto. Yaani mwanamke ana kazi yake, ana ujuzi wake, amechangia kujenga ile nyumba kwa miaka yote ya ndoa, halafu mume akishazikwa yeye anakuwa mgeni pale pale alipokuwa analala jana.

Sasa watu wengi wakisikia stori hii wanasema ni tamaa za mashemeji. Tamaa ipo sikatai, lakini kwenye kesi hii shemeji alikuwa na sheria mkononi na hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Mwaka 1963 serikali ilikusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ikaziandika na kuzitangaza kuwa sheria, Tangazo la Serikali namba 436 la 1963. Kwa hiyo tunapozungumzia "mila" hapa hatuzungumzii wazee chini ya mti tu, hii imechapwa kwenye gazeti la serikali na hakimu wa mahakama ya mwanzo anaitumia kama anavyotumia sheria nyingine. Ndani ya tangazo hilo warithi wamepangwa kwa madaraja matatu: daraja la kwanza ni mtoto mkubwa wa kiume wa nyumba ya kwanza, la pili ni watoto wengine wa kiume, na la tatu, lenye fungu dogo kuliko yote, ni mabinti. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi ila ardhi ya ukoo anaitumia tu wakati wa uhai wake, kuiuza hawezi. Halafu inakuja kanuni ya 27 ambayo ndiyo iliyowakuta hawa wawili: mjane hana fungu kwenye urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza wao.

Isome tena hiyo sentensi ya mwisho ukiwa unafikiria mjane mwenye mtoto anayenyonya. Atunzwe na nani? Kanuni inamdhania mjane mzee mwenye vijana wakubwa wenye ng'ombe na mashamba, na labda mwaka 1963 walioiandika walikuwa na picha hiyo kichwani. Mjane kijana mwenye watoto wa chekechea hayumo kabisa, na watoto wenyewe ndo kwanza wanamtegemea yeye kwa uji wa asubuhi.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba kwenye nchi hiyo hiyo moja mjane ana mafungu matatu tofauti kulingana na sheria itakayotumika. Mume akiwa Muislamu aliyeishi kwa kufuata dini yake, mke mwenye watoto anapata moja ya nane. Ikionekana aliishi kwa mtindo uliotoka kwenye maisha ya kimila, mathalani Mkristo wa mjini, inatumika ile sheria ya zamani ya mirathi ya India ya 1865 iliyoletwa na wakoloni, na hapo mjane anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Ikitumika ya kimila, mjane wa Shinyanga anapata sifuri. Kwa hiyo wake watatu waliojenga nyumba za aina moja kwenye mtaa mmoja, wakifiwa wiki moja, wanaweza kutoka na theluthi, na moja ya nane, na sifuri. Hakuna mfanyabiashara anayeweza kupanga maisha kwenye mazingira kama hayo, ila wake ndo wanaambiwa wapange.

Wajane wetu hawakunyamaza. Wakisaidiwa na mashirika ya msaada wa kisheria walikwenda Mahakama Kuu kuomba hizo kanuni zifutwe kwa sababu zinapingana na katiba inayosema watu wote ni sawa mbele ya sheria na kila mtu ana haki ya kumiliki mali. Hukumu ilitoka 2006. Mahakama ikakubali, tena wazi, kwamba kanuni zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, hoja ikiwa kwamba ikianza na hizi basi mila za makabila yote zaidi ya 120 zitafuata mkondo huo huo na kwamba mila hazibadilishwi kwa hukumu ya mara moja. Wakakata rufaa. Miaka ikaenda, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa kwa sababu amri iliyoambatana na hukumu ya chini ilikuwa imeandikwa tarehe tofauti na tarehe ya hukumu yenyewe. Tarehe! Kosa ambalo hao wanawake hawakulifanya wao, wala wasingeweza kulirekebisha wao.

Na inauma zaidi ukikumbuka kwamba miaka 16 kabla ya ile hukumu ya Mahakama Kuu, yaani mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua ile kesi maarufu ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, mwaka 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo, mpwa wake akaenda mahakamani kwamba mwanamke hana mamlaka hayo. Jaji akasema kwamba haki za binadamu zimeshaingia kwenye katiba na kanuni ya kumzuia mwanamke kuuza wakati mwanaume wa ukoo huo huo anaruhusiwa ni ubaguzi, akairekebisha palepale ili masharti yawe sawa kwa wote. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo, ulikuwa umeshatumika.

Baada ya milango ya nyumbani kufungwa ndipo walipopeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na tarehe 2 Machi 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja mkataba, iwalipe fidia hao wawili na ihakikishe sheria hizo za kimila zinafutwa au kurekebishwa. Hesabu mwenyewe kutoka 1999. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku mama anatolewa nyumbani alikuwa anakaribia umri wa kupiga kura.

Hiyo ndiyo kesi. Sasa nataka tuiangalie kwa jicho la uchumi, maana hoja yangu ni kwamba sheria ya mirathi ni sheria ya mtaji, na ukiiweka vibaya unapoteza uzalishaji hata kwenye nyumba ambazo hajafa mtu.

Tuanze na cherehani yenyewe. Fundi cherehani wa mji kama Shinyanga mtaji wake ukiuangalia kwa haraka unaona ni mashine, meza, pasi na mkasi. Lakini mtaji mkubwa ni mahali. Wateja wanajua fundi yuko kwenye baraza ya nyumba fulani karibu na mashine ya kusaga, wanapita wakienda sokoni wanaacha vitambaa, kuna daftari lina vipimo vya familia nzima, kuna mama anayeletewa vitenge na wageni na hashonewi na mwingine. Mwezi wa 12 na wa kwanza ni sare za shule, hapo ndo fundi anapata hela ya kulipia mambo ya mwaka mzima. Ukimtoa fundi huyo kwenye nyumba ukamwachia hata mashine yake, ukampeleka kijijini kwao kilometa nyingi, umemuachia chuma tu. Wateja hawatamfuata, daftari la vipimo halina kazi, na kule alikokwenda kuna fundi mwingine tayari. Na yule shemeji aliyechukua nyumba hashoni, kwa hiyo ile biashara haijahamia kwake, imekufa tu. Ndugu wengi wanadhani mali imebadilisha mikono, nyumba ilikuwa ya kaka sasa ni yetu, jumla iko palepale, na sio kweli kabisa, sehemu kubwa ya ile mali ilikuwa ni huyo mwanamke kuwa pale.

Halafu kuna watoto. Umoja wa Mataifa ukipima maendeleo ya binadamu unaangalia vitu vitatu, maisha marefu yenye afya, elimu, na kipato. Kumtoa mjane nyumbani kunagonga vyote vitatu siku moja. Mtoto anahama shule katikati ya mwaka au anaacha, na huo mwaka 1999 na 2000 ada ya shule ya msingi ilikuwa bado inalipwa, ilifutwa baadaye tulipoanza ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, miaka ya 2001 na 2002. Lishe inashuka. Binti mkubwa ndo wa kwanza kubaki nyumbani kuangalia wadogo zake ili mama aende vibarua, na huyo binti ndo tunayekuja kumshangaa miaka kumi baadaye kwamba kwa nini aliolewa mapema.

Ila hasara ambayo mi naiona kubwa kuliko zote hizo ni ile inayotokea kabla ya kifo, kwenye ndoa nzima nzima zenye amani. Fikiria mke anayejua, kwa sababu ameona kwa dada yake na kwa jirani, kwamba siku mume akifa yeye anatoka na nguo zake. Huyu mke atawekeza wapi hela ya ushonaji? Akinunua bati za nyumba anawanunulia mashemeji. Akichimba kisima, akipanda miti ya matunda ambayo inazaa baada ya miaka minne, akiongeza chumba cha kupangisha, vyote ni hivyo hivyo. Kwa hiyo anafanya kitu chenye akili kabisa kwa upande wake: hela anaiweka kwenye vitu anavyoweza kuondoka navyo. Vitenge kwenye sanduku, vyombo, hisa kwenye kikoba, mbuzi wawili waliofugwa kwa mama yake mzazi, au anamsomesha mdogo wake wa kiume ili aje kuwa kimbilio. Hakuna ubaya kwenye vitu hivyo kimoja kimoja, lakini kwa familia na kwa nchi ni hela iliyokimbia uzalishaji mkubwa ikajificha kwenye uzalishaji mdogo kwa sababu ya woga. Na mume naye anahisi mke anaficha hela, naye anaanza kuficha zake, wanaishi kama wabia wasioaminiana.

Hili la woga kupunguza uzalishaji limepimwa. Wachumi Goldstein na Udry walifanya utafiti Akwapim, Ghana, ukatoka 2008, walikuta kwamba wakulima wenye nguvu ya kisiasa kijijini wanathubutu kulaza shamba lipumzike ili lirudishe rutuba, na wasiokuwa nayo, wengi wao wanawake, hawathubutu, maana shamba likionekana halilimwi anapewa mwingine. Matokeo yake wanalima ardhi iliyochoka na mavuno yanashuka. Huyo huyo Udry mwaka 1996 alikuwa ameonyesha Burkina Faso kwamba ndani ya kaya moja, zao lile lile, mwaka ule ule, mashamba ya wake yalitoa mavuno pungufu kwa kama asilimia 30 kuliko ya waume, kwa sababu mbolea na nguvu kazi vilikuwa vinajaa upande wa mume. Wangehamisha tu mbolea kidogo na vibarua wachache ndani ya boma lao lenyewe, bila kuongeza hata senti, kaya ingevuna zaidi. Jibu la mwalimu wa kilimo kwa kawaida ni kwamba wanawake hawana elimu ya kilimo bora, ila hawa walikuwa ni mke na mume wanaokula chungu kimoja.

Kwa Tanzania kuna hesabu ya 2015 iliyofanywa na UN Women, Benki ya Dunia na mashirika ya UNDP na UNEP. Walikadiria kwamba pengo la tija kati ya wanawake na wanaume kwenye kilimo peke yake linaigharimu Tanzania dola milioni 105, sawa na asilimia 0.46 ya pato la taifa, na kwamba kuliziba kungeweza kuwatoa watu kama 80,000 kwenye umaskini kila mwaka. Malawi ikawa dola milioni 100, ambayo kwa uchumi wao mdogo ni asilimia 1.85, Uganda milioni 67. Angalia kwamba hiyo ni kilimo tu. Mafundi cherehani wetu hawamo, mama ntilie hawamo, nyumba zilizoshindwa kuongezwa chumba hazimo. Kwa hiyo mtu akiniambia asilimia 0.46 ni kidogo namwambia hiyo ni kona moja tu ya hesabu.

Na mkopo usiusahau. Benki inataka dhamana, dhamana kubwa kwa watu wetu ni kiwanja na nyumba, na hati nyingi zina jina la mume peke yake. Mke mwenye biashara inayozunguka vizuri anabaki kwenye vikundi vya kausha damu vyenye riba ya kutisha au anasubiri mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ni mpango mzuri na umewasaidia wengi. Ila unatumika kama dawa ya maumivu, kinachosababisha maumivu kiko kwenye umiliki.

Kuna hoja za upande wa pili ambazo nazichukulia kwa uzito, maana wanaozisema ni wazee wetu na sio watu wabaya. Wanasema ardhi ya ukoo ilikuwa bima ya wote, ikiuzwa na mjane aliyeolewa kwingine basi wajukuu wanakosa pa kulima, na kwamba zamani mjane hakutupwa, alibaki kwenye boma akiangaliwa. Hiyo zamani ilikuwa na mantiki yake, ardhi ilikuwa ya kutosha, wajibu wa ukoo ulikuwa unatekelezwa, na shemeji aliyechukua mali alichukua na mzigo wa kulisha watoto. Kilichotokea ni kwamba haki ya kuchukua imebaki imeandikwa kwenye sheria na wajibu wa kutunza umebaki mdomoni. Mahakama ya mwanzo itampa shemeji hati ya usimamizi wa mirathi, lakini sijaona hakimu akimfuata shemeji kila mwezi kuuliza watoto wamekula nini. Hata ile sheria inayomtaka msimamizi ndani ya miezi minne apeleke fomu namba 5 ya orodha ya mali, na baadaye fomu namba 6 ya hesabu za mirathi kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, wajane wengi hawaijui, mirathi inakaa miaka haijafungwa na msimamizi anaishi kama mmiliki. Na kwenye kesi yetu mali iliyogombewa ilikuwa ni pamoja na nyumba na vitu ambavyo mke na mume walivitafuta wenyewe, sio shamba la babu lenye makaburi.

Kuna na mkanganyiko mwingine ambao hata wabunge nadhani wengi hawajauwekea akili. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa pamoja pale ndoa inapovunjika, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ikasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, nazo ni mchango. Uamuzi mkubwa sana ule. Lakini 114 ni ya talaka na kutengana, kifo hakimo. Kwa hiyo mwanamke wa Kisukuma aliyeachana na mume anaweza kupata sehemu ya nyumba, na aliyemuuguza mume mpaka dakika ya mwisho hapati kitu kwa kanuni ya 27. Sheria inamlipa anayeondoka na kumuadhibu anayebaki. Halafu sheria za ardhi za 1999, zote mbili, zinasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na ile ya vijiji kifungu cha 20 inaenda mbali zaidi, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo, na kwenye baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba lazima wasiopungua watatu wawe wanawake. Ukisoma 1999 unafurahi, ukisoma 1963 unalia, na zote ziko kabati moja la hakimu.

Watu wanauliza sasa nini kinafanya kazi. Rwanda walianza na sheria, ya mwaka 1999, watoto wa kike na wa kiume wakawa sawa kwenye urithi na mali ya wanandoa ikapata utaratibu, halafu wakasajili ardhi nchi nzima, viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10, majina ya mke na mume yote kwenye cheti. Tathmini za maeneo ya majaribio zilionyesha kaya zikianza kuwekeza zaidi kwenye kuhifadhi udongo, matuta na kadhalika, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwenye kaya zinazoongozwa na wanawake, ambayo ndiyo ungeitegemea kama ule woga ndo ulikuwa breki. Lakini pia ikaonekana kwamba wanawake walioishi na wanaume bila ndoa iliyosajiliwa waliachwa nje, hata wakarudi nyuma kidogo. Hilo kwetu ni onyo kubwa maana wanaoishi hivyo Tanzania ni wengi mno, na ingawa Sheria ya Ndoa inawatambua walioishi pamoja miaka miwili na jamii ikawaona mke na mume, afisa ardhi mezani kwake hataki dhana ya ndoa, anataka cheti.

Na kuna jaribio la hapa hapa Dar es Salaam, wilaya ya Kinondoni, kwenye makazi yasiyopimwa, ambalo mi nimelipenda kwa sababu halikuhubiri mtu. Watafiti waliwapa wakazi vocha za punguzo la gharama za kupata hati, baadhi zikiwa na sharti moja tu, kwamba jina la mwanamke liwemo kama mmiliki au mmiliki mwenza. Kila mtu alitegemea waume wakatae. Hawakukataa. Sharti halikupunguza hamu ya watu kununua hati, na karibu wote waliotumia vocha yenye sharti wakaandika mke. Maana yake kwa waume wengi wala haikuwa imani nzito ya mila, ni kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza, fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina na wao wakaujaza.

Kwa hiyo nikirudi kwa E.S. na S.C., kama mtu wa wizara ananisoma, mambo ni mawili na yanakwenda pamoja. Kanuni za mirathi za tangazo la 1963 zifutwe na bunge, zote zinazopanga watu kwa jinsia, na ziandikwe upya kwa sheria moja ambayo mjane anajua fungu lake akiwa bado mke. Kamati iliyasema hayo 2015. Na fidia yao hao wawili, nayo iliandikwa kwenye uamuzi ule ule, ni deni. La pili halihitaji bunge kabisa, fomu ya hati, iwe ya mjini au hati ya hakimiliki ya kimila kijijini, iwe na mistari miwili ya majina tangu mwanzo, na asiyetaka kuujaza wa pili aeleze kwa maandishi kwa nini.

Na kwa wanandoa wanaosoma hapa jioni hii, wosia unaandikwa, unahifadhiwa RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, na unaweza kumtaja mke kuwa msimamizi wa mirathi. Kiwanja mlichonunua mwaka juzi kama karatasi ya mauziano ina jina moja, mwenyekiti wa mtaa bado yupo, muuzaji pengine bado yupo, na mashahidi bado wako hai. Nendeni nao mkaongeze jina wakati wote mnaweza kusaini.